Tochi Inayopiga Mbali

Sijui kwa nini mvua ikianza tu lazima mnikumbushe habari ya Shedrack. Mnakuja hapa, mnakula maharage yangu, mnanimalizia kuni, halafu mnasema, bibi, tutishe. Kutishwa mmekosa? Makaburi si yale pale. Na wajukuu wa mjini ndio wabaya zaidi, wakisikia mtu katoka Sumbawanga wanadhani uchawi tunaula na ugali wa ulezi. Mimi uchawi siujui. Shule niliishia darasa la pili, kanisani nasinzia, na mganga hajawahi kula kuku wangu. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia. Mkinikatiza, nanyamaza.

Shedrack ni mtoto wa marehemu dada yangu, kwa hiyo ni mwanangu hata kama sikumchagua. Alikuwa mwanaume wa mabega mapana na kicheko kikubwa, na kijijini kwetu, huku uwandani upande wa njia ya Chala, yeye ndiye alikuwa mwenye tochi wa sungusungu.

Hapo lazima nieleze. Wezi wa ng'ombe walikuwa wametuchosha. Maksai wa kulimia unawafunga jioni, asubuhi unakuta kamba. Ndipo wanaume wakajipanga kulinda, wakatunga na sheria yao. Wakimzingira mtu gizani, wote wana fimbo isipokuwa mmoja. Huyo anashika tochi. Kazi yake ni kumulika uso na kutaja jina. Akitaja jina, fimbo zinashushwa bila kupiga: huyo ni mtu wetu, apelekwe kwa mwenyekiti akaulizwe. Asipomjua, hasemi kitu. Anazima. Tochi ikizimwa kila mmoja anajua la kufanya, na kesho yake hakuna aliyemwona mwenzake akipiga. Walitunga hiyo wanaume wenye akili zao, waliobatizwa, na Jumapili walikaa mabenchi ya mbele.

Wakati wa kuvuna maharage waliua mtu. Kulipopambazuka wakaona ni Mayunga.

Mayunga alikuwa Msukuma, alihamia kwetu na mkewe Kabula na ng'ombe wao kutoka kule Shinyanga. Hakuwa mgeni tena. Maziwa yake tumeyanywa wote. Nilikwenda kumtazama pale kando ya njia, kwa sababu mimi nikisikia jambo nakwenda mwenyewe. Uso haukuwapo wa kuutambua. Nilimjua kwa makatambuga yake, viatu vya tairi alivyojishonea kwa uzi wa bluu. Vidole vyake vyote vya mikono vilikuwa vimevunjika, alijikinga navyo. Kabula alichuchumaa akavinyoosha kimoja kimoja, na kila alipokiachia, kilijikunja tena.

Shedrack alisema kijana wa watu alikuwa amejifunika shuka kichwani, hakumjua. Watu wakakubali. Mwenye tochi haulizwi mara mbili.

Basi, siku yenyewe ilianza vizuri tu. Mvua za Januari zilikuwa zimetulia kidogo, palizi imekwenda, na mimi nilitaka kwenda mjini kununua chumvi na kutazama watu. Klementina, mke wa Shedrack, akanivutia nyuma ya jiko. Alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mama mdogo, nendeni pamoja. Anakwenda kutafuta tochi nyingine."

"Ile ya kwanza ameila?"

"Ana tatu. Hazimtoshi." Akatazama mlango. "Analala inawaka. Ikizimika tu anaanza kulia kama mbuzi. Asubuhi namkuta na alama."

"Alama gani?"

"Za fimbo, mama. Na ndani tuko mimi na watoto tu."

Nikamwambia mumewe ana wanawake mjini na mmoja wao ni mkali. Hakucheka. Nikachukua mwavuli wangu, nikaondoka na Shedrack.

Mjini nikanunua chumvi yangu, kisha tukaingia kwa Faruk, yule anayeuza redio, sola, na vitu vya kuchaji. Mamake, Bi Sauda, alikuwa amekaa mkekani kwenye mlango wa ghala nyuma, anakunja vitenge. Tukasalimiana. Faruk akanipa shikamoo na kiti.

"Marahaba. Mhudumie huyu kwanza," nikamwambia. "Ana haraka ya mtu anayeharisha."

Shedrack alitaka tochi ya kuchaji. Faruk akamwekea moja kubwa, yenye mpini, ya kulindia ghala. Shedrack akaisukuma.

"Kubwa. Nataka ya kuingia mfukoni. Ya kutembea nayo kila siku, nikienda shamba, nikienda chooni, nikiingia kihengeni."

"Hii hapa. Ndogo kama gunzi. Unaichaji kwa waya wa simu."

"Inapiga mbali?"

"Inamulika chumba kizima, kaka. Mwanga mpana, mzuri."

"Sikuuliza chumba. Nimeuliza mbali."

Faruk akaegemea kaunta. "Unawinda?"

"Hapana."

"Unachunga?"

"Hapana."

"Sasa unataka kuona nini huko mbali?"

"Sitaki kuona," Shedrack akasema. "Nataka kiwe mbali."

Faruk alicheka, maana kazi yake ni kucheka na wateja. Akaeleza kwamba tochi zenye mwanga mpana haziendi popote, zinamwagika kama maji. Anayetaka mbali achukue yenye mwanga mwembamba, inaenda kama mkuki. Akamtolea moja nyeusi, fupi kama kiganja, ina kioo kirefu ndani. Akasema na betri yake ni ya maana: ikikaribia kuisha inapunguza mwanga polepole, ili mtu asiachwe gizani ghafla.

"Isipunguze," Shedrack akasema.

"Si ni vizuri lakini, unajua mapema."

"Ikipunguza anasogea."

Faruk akanitazama mimi. Mimi nikatazama chumvi yangu.

Tochi haijaribiwi juani, kwa hiyo Faruk akatupeleka kwenye ghala. Ni chumba kirefu sana, hakina dirisha, magunia kila upande na njia katikati. Akampa kwanza ile ndogo ya mwanga mpana, ili aone tofauti. Shedrack hakutaka. Faruk akaiwasha mwenyewe, akamtia mkononi, akavuta mlango.

Mwanga ulifika hatua chache tu. Zaidi ya hapo giza lilisimama kama ukuta. Mimi nilikuwa nyuma yake, namwona mgongo. Kichwa chake kikaruka upande. Nilisikia sauti, kama mtu anayepigwa kwa kijiti kibichi. Alipogeuka, mdomo ulikuwa umepasuka mpaka jino lilionekana, na damu inadondoka kwenye gunia la mchele.

"Umejigonga wapi, kaka?" Faruk akauliza. "Hapo hapana kitu."

"Lete ile nyingine." Alikuwa ananong'ona. "Lete upesi."

Akawasha ile nyeusi. Mwanga ukaenda moja kwa moja hadi ukuta wa mwisho, duara dogo, jeupe kama sahani. Shedrack akashusha pumzi. Nilidhani sasa ametulia. Damu ilikuwa inamwingia kwenye kola na hakuifuta.

Bi Sauda akausukuma mlango kidogo kutoka mkekani, akachungulia ndani.

"Mwambieni mwenzenu atoke huko mwisho. Pale nimeweka mayai."

"Mwenzetu yupi, mama?" Faruk akamuuliza. "Wako hawa wawili."

"Huyo mwenye makatambuga," akasema, akaendelea kukunja vitenge.

Shedrack alinunua ile tochi bila kubishania bei. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanangu si mzima. Akamwomba Faruk aijaze chaji mpaka mwisho, akaisubiri amesimama palepale kwenye mlango wa mbele, juani, anatazama mtaa wote mpaka unapokata kona.

Gari lilitushusha njia panda alasiri. Jua lipo, majani yamenawiri, hewa baridi ya kwetu hii inayowafanya wageni waulize kama tuko Ulaya. Kutoka pale hadi kijijini ni mwendo wa miguu, na uwandani hakuna miti ya kukuzibia. Unaona mpaka mbingu inapokaa juu ya nchi. Tulitembea kidogo. Kisha nikamwambia mimi ni mama mdogo wake, nilimwogesha akiwa na mafua, aseme ni nini.

"Unamwona?" akasema.

"Nani?"

"Kule mwisho. Pale macho yanapoishia. Mchana anakaa kule."

Nikaweka mkono juu ya macho. Palikuwa na kitu cheusi, kimesimama wima kwenye ukingo wa nchi. Ng'ombe ningemjua. Kisiki hatuna.

"Anasimama mwanga unapoishia," Shedrack akasema. "Siku zote. Tochi ikipiga mbali, anakaa mbali. Ikififia, anakuja. Isipowaka," akagusa mdomo uliopasuka, "ananifikia."

Nilitaka kumwambia anywe pombe kidogo. Sikusema, kwa sababu kile kitu cheusi kilikuwa kimeanza kutembea. Na nyuma yake palikuwa na ukungu.

Ninyi mnaujua ukungu wetu. Haushuki, unakuja kwa miguu. Ulifunika kilima, ukafunika ng'ombe waliokuwa wakila majani mbele yetu, kengele zao zikazibwa. Yule mtu alikuja mbele ya ukungu kama anauchunga. Hakuwa anakimbia. Shedrack alianza kurudi kinyumenyume, lakini ukungu ulikuwa umeshazunguka na nyuma, na njia panda haikuonekana tena. Kisha hatukuona hata majani ya miguuni.

Akatoa ile tochi nyeusi, akaiwasha.

Nyeupe tupu. Ule mwanga wa nguvu uligonga ukungu ukaturudia usoni. Dereva yeyote wa lori la mahindi angemweleza, kwenye ukungu madereva hushusha taa, wakiiinua wanapofuka. Shedrack alinunua mkuki, na mkuki haupasui maziwa. Mwanga wake wote uliishia pale mkono wake ulipoishia.

"Mama mdogo." Sauti ilikuwa ya mtoto. "Nilimjua."

"Ulimjua nani?"

"Hakujifunika shuka. Nilimjua nilipommulika tu. Alisema, Shedrack, mulika vizuri, ni mimi. Akacheka. Alifurahi kuniona."

"Ukafanya nini?"

"Nikazima."

Nilimshika kifua cha shati. "Kwa nini?"

"Alikuwa anafuata nyayo za maksai wake walioibwa. Nyayo zilikuwa zinakuja kwangu." "Ng'ombe wote nilikuwa nawachukua mimi, mama. Tangu mwanzo. Nani angemshuku mwenye tochi?"

Basi nikaelewa. Na nilipoelewa, nilisikia harufu. Ng'ombe, na damu iliyolala juani.

Kwenye ule mwanga mweupe, karibu kabisa na kioo cha tochi, vikatokea vidole. Vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake. Vilikuwa vimefunika uso. Vikafunguka polepole. Nilitegemea kuona lile nililoliona kando ya njia. Hapana. Uso ulikuwa mzima. Ulikuwa uso wa Mayunga kama alipotuletea maziwa, na ulikuwa unamtazama Shedrack. Haukuwa na hasira. Ulikuwa unasubiri.

"Mtaje," nikamwambia.

Shedrack akafungua mdomo.

"Taja jina lake, Shedrack. Ndiyo kazi yako. Mtaje."

Midomo ilichezacheza. Kisha kidole gumba chake kikasogea. Nilikiona. Kilikwenda chenyewe, kwa mazoea.

Akazima.

Ukungu ukawa mweusi. Saa za alasiri, jua lipo juu yetu mahali fulani, na palikuwa peusi kama ndani ya chungu. Na pakajaa watu. Nilisikia miguu, mingi, kutuzunguka. Nilisikia wanaume wakipumua kwa pua. Mmoja alinipita, bega lake likanigusa, lilikuwa limelowa.

Fimbo ya kwanza ilitua kwenye nyama. Ya pili kwenye mfupa. Baada ya hapo sikuweza kuzitofautisha. Ni sauti ya watu wanaopura maharage. Ndiyo hiyo hasa. Wanapokezana, wamezoeana, hakuna anayemgonga mwenzake. Katikati yake kilikuwa kilio, kisha mguno, kisha kitu kama gunia linaloburutwa. Nilirusha mwavuli wangu kwa nguvu zote. Ulipita hewani.

"Mama mdogo," alikuwa chini sasa, "waambie ni mimi."

Niliwaambia. Nilitaja jina lake, na jina la mamake, na jina la ukoo. Nikasema ni wa kwetu. Nikarudia mpaka koo likawaka.

Fimbo hazikushushwa. Mimi sikuwa mwenye tochi.

Nilikaa chini, nikaziba masikio, na nilisikia bado. Nilisikia vidole vyake vikivunjika. Vina sauti ndogo, kama njugu. Nilijua ni vidole kwa sababu baada ya vile hakujikinga tena, na fimbo zikaanza kutua mahali palaini.

Halafu kengele ya ng'ombe ikalia. Jua likarudi, la manjano, la kawaida. Ng'ombe walikuwa wanakula majani mahali palepale. Shedrack alikuwa amelala chali karibu na miguu yangu, na nisingemjua kama sikuja naye. Udongo ulikuwa laini wa mvua, unashika hata miguu ya kuku. Nyayo zilikuwa zangu na zake. Kuzunguka pale alipolala majani yalikuwa yamesimama, na umande wake juu.

Wachungaji walimbeba. Hospitali walimfunga hii na hii, wakamshona. Mifupa iliunga vibaya lakini iliunga. Macho yalikuwa hayana hata mkwaruzo. Daktari aliyamulika, akaita mwenzake naye akayamulika, wakasema ni mazima. Hayaoni. Hayaoni mchana, hayaoni moto, ukimsogezea taa mpaka kope zinaungua, haoni.

Mnaelewa maana yake? Kipofu hana ukingo wa mwanga. Mwanga wake unaishia kwenye ngozi.

Alikiri. Alikiri mbele ya mwenyekiti, mbele ya polisi, mbele ya yeyote aliyemsogelea kitandani, hata wasiouliza. Polisi waliandika, wakasema akipona watamfuata. Wale wa fimbo hawakungoja, walitawanyika kuelekea Kirando na wengine hatujui wapi. Kabula alikuja mara moja kabla hajahama na ng'ombe wake kwenda upande wa Kaoze. Alisimama mlangoni. Shedrack alimsikia, akaanza kulia, akamwomba amsamehe, akamwambia alijua ni Mayunga, Mayunga, alijua ni Mayunga. Kabula akageuza shingo kidogo, kama mtu aliyesikia kitu kingine mle chumbani.

"Endelea kumwita," akasema. "Ukimwita hakupigi."

Ni kweli. Klementina amethibitisha tangu walipomrudisha nyumbani. Shedrack akilitaja lile jina, panatulia. Akinyamaza kula, anapigwa. Akinyamaza kunywa maji, anapigwa. Usingizi ukimchukua, Klementina na watoto, waliohamia jikoni, wanasikia fimbo ya kwanza kabla yeye hajalia. Asubuhi Klementina humlaza kifudifudi na kumtoa vibanzi mgongoni kwa sindano. Amenionyesha vichache. Ni vya mti mbichi, vina utomvu bado, na harufu yake hatuijui huku uwandani, wala wazee wanaopasua mbao waliovinusa hawakuujua mti wenyewe.

Kwa hiyo anamtaja. Mchana na usiku yuko pale ukutani, amekodoa macho yale mazima, Mayunga, Mayunga, Mayunga, kama mashine ya kusaga. Ameyalipa macho, amelipa usingizi, na nilidhani hana kingine cha kutoa. Nimekwenda kumwona Jumapili hii. Midomo inacheza kama kawaida, lakini nilipoinama sikusikia kitu. Klementina anasema sauti ilianza kukauka tangu wiki iliyopita, na sasa imekwisha kabisa.